Nimezibua Choo cha Shosho Wambui

Anko Wekesa,

Nimekaa mlangoni hapa Lindi, Nairobi, jua la asubuhi limenifika magotini, na nimeona nikuandikie kabla watu hawajaanza kunitafuta. Maana siku hizi wananitafuta. Hilo ndilo nataka kukuambia, ila wacha nianze mbali kidogo.

Tulipomaliza kukuzika Bungoma nilirudi Nairobi kama mtu aliyeamshwa vibaya. Gunia la vifaa vyako nililisukuma chini ya kitanda, nikateremsha shuka lifike chini nisilione. Mama Achieng' wa hapa jirani akanichukua kibandani kwake nimsaidie kukaanga mandazi. Nilikaanga. Watu walikuja, wakala, wakaenda, nikawa naona midomo yao ikisonga lakini sauti inanifikia ikiwa imechelewa, kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Aliyeniuliza habari zako nilimwambia uko nyumbani. Lile neno lenyewe, kwamba umefariki, lilikuwa halijawahi kupita mdomoni mwangu.

Asubuhi moja akaja mwanamume amevaa koti la suti, viatu vimejaa tope, akauliza Wekesa fundi anakaa wapi. Alikuwa Kamau, mtoto wa Shosho Wambui. Unamkumbuka Shosho, yule bibi mwenye plot ya nyumba za kupangisha kule mtaa wa Kongo, Kawangware, ambaye hakutaka fundi mwingine ila wewe. Kamau akaniambia choo cha mamake kimeziba tangu mvua ianze. Mafundi wamemwaga dawa, wamesukuma waya, choo kinakubali siku moja kisha kinarudisha kila kitu juu. Yeye amechoka. Anataka kumhamisha mamake aje akae naye kwenye gorofa za Nyayo Highrise, ile nyumba ya mawe ibomolewe, wajenge gorofa.

"Lakini amekataa kutoka," akasema. "Anasema mpaka Wekesa aje amwambie na mdomo wake kwamba hicho choo kimekufa. Mwambie aje leo."

Nikamjibu, "Leo atakuja mtu."

Halafu nikaenda nikapiga magoti kando ya kitanda nikalivuta lile gunia. Lilikuwa na harufu yako, Anko. Ya sabuni ya kipande na chuma.

Njiani kwenda Kongo nilikuwa nakumbuka siku ya kwanza uliyonipeleka kwa Shosho, nikiwa nimemaliza shule na sijui nitafanya nini na maisha. Ile sakafu yake nyekundu inang'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Lile tangi la choo lililofungwa juu karibu na dari, na mnyororo wake mrefu. Wewe ulipiga magoti, ukaweka kiganja kwenye ukingo wa choo, ukakipapasa, ukasema polepole, "Haya mama, achilia." Nilicheka sana. Ukaniambia ulijifunza hayo kwa ng'ombe wa babako, kwamba ukimkamua kwa hasira anabana maziwa.

Shosho alikuwa amesimama mlangoni akingojea fundi. Akaangalia nyuma yangu.

"Wekesa ako wapi?"

"Shosho," nikasema, "Wekesa alifariki."

Basi, lilikuwa limetoka. Nilidhani nitaanguka, lakini nilibaki nimesimama. Yeye ndiye aliyekaa, kwenye kigoda chake pale barazani. Alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri juu ya mapaja, akakifunga tena upya.

"Na wewe ni mtoto wake?"

"Wa dadake. Naitwa Nekesa."

"Alikufundisha?"

"Alinifundisha."

"Basi vaa gambuti," akasema.

Nilianza na mpira wenye mpini, maji yakapanda yakashuka, kwisha. Nikaingiza waya. Ulienda vizuri, ukapinda kona ya kwanza, halafu ukagusa kitu laini. Nikisukuma kinakubali. Nikivuta kinarudi palepale. Nikatoka nje nikafungua kile kifuniko cha chuma uani, wapangaji wamesimama na mabeseni yao wakiniangalia. Shimo lilikuwa kavu. Nikapeleka rodi ya kuzibulia kurudi upande wa nyumba, na huko pia, kitu laini. Kinarudi nyuma, kinangoja, kinakuja tena. Nilijaribu tena na tena, mwisho nikaiweka rodi chini.

"Si nilisema?" Kamau akasema pale alipokuwa amesimama na wapangaji, na hakusema kwa ubaya. "Hii nyumba imechoka, mum. Hata mawe huchoka."

Shosho akanigeukia. Aliniambia mimi, kana kwamba mtoto wake hayuko: "Haya mawe ni mzee wangu aliyapanga. Kule kwa gorofa nitakuwa naskia miguu ya watu juu ya kichwa changu. Hapa juu ya kichwa changu kuna Mungu peke yake."

Nilirudi chooni nikafunga mlango. Nikakaa sakafuni, mgongo ukutani, kiganja kwenye ukingo kama ulivyokuwa ukifanya. Nikasema maneno yako. Choo hakikufanya chochote. Na mimi nikabaki nimekaa hapohapo. Kukawa na kimya kile cha nyumba za zamani, unaskia mbao za dari zikijinyoosha kwa joto. Sijui nilikaa kwa muda gani. Nadhani nilisinzia macho yakiwa wazi.

Ndipo nikaskia, nyuma ya ukuta, mvumo mdogo. Kama mtoto anayepuliza chupa. Unakuja, unapotea, unakuja.

Nilitoka nje nikazunguka nyuma ya nyumba nikaangalia juu. Lile bomba la hewa, linaloungana chini na bomba la choo, likapanda ukutani likapita mabati, lilikuwa halina kofia. Limeachwa mdomo wazi, na juu yake tawi la parachichi la jirani. Hapo nikaelewa. Kile kitu laini nilichokuwa nakisukuma hakikuwa kinaenda popote, Anko. Kilikuwa kinapanda ndani ya lile bomba, nikitoa waya kinashuka tena.

Nikaomba ngazi. Kamau akaazima kwa mpangaji mmoja anayepaka rangi, akavua koti lake la suti akalitundika kwenye kamba ya nguo, akaishika ngazi kwa mikono miwili.

Juu kule kulikuwa na upepo. Sijui nikuelezeje. Mabati ya Kawangware yamelala mpaka mbali, mengine mekundu, mengine meupe kama maji, na nguo za watu zinapepea, na mahali fulani kwaya inafanya mazoezi, inarudia mstari mmoja bila kuumaliza. Jua lilikuwa limetulia. Na nilijua uko hapo. Umekaa kwenye ncha ya paa, umekunja suruali, unaangalia mahali nitakapoweka mguu. Sikugeuka kuangalia. Niliona nikigeuka utaondoka.

Ndani ya bomba, chini kidogo ya mdomo, kulikuwa na kiota cha zamani. Nyasi kavu, nyuzi za sweta, manyoya. Hakikuwa na yai. Nilikitoa kwa waya uliopinda, na chini yake nikaona majani, tabaka juu ya tabaka, yameshindiliwa na mvua. Nikavuta nilichoweza. Kisha nikaitisha mpira wa maji, nikauingiza, Shosho akafungulia maji.

Maji yakapanda. Yakafika mdomoni pa bomba yakasimama, yakiangalia mawingu. Nikaingiza rodi, sikuipiga, niliiegemea tu na uzito wangu wote. Kitu kikalegea. Yale maji yakatetemeka, na mbele ya macho yangu yakazama, yote kwa pamoja, na sauti ndefu ikapita ndani ya ukuta, ikapita chini ya sakafu, ikatokea uani. Wapangaji wakaanza kuita kwamba majani yanatoka, matope, tope jeusi la majani, halafu maji, maji safi.

Ndani ya nyumba Shosho akavuta mnyororo. Tangi likajaa. Akavuta tena. Aliendelea kuvuta mpaka Kamau akaanza kucheka pale chini ya ngazi.

"Fundi, shuka," akaniambia. "Mum ameshinda." Nilipofika chini aliniambia zamani alikuwa anapanda hilo paa kujificha asiogeshwe. Akaushika ukuta, akausugua kwa kidole gumba. "Wacha nitafute mtu apake hii rangi," akasema. Habari ya gorofa hakuitaja tena, na hajaitaja mpaka leo.

Niliweka kofia mpya kwenye bomba na wavu wa waya ndani yake. Tawi la parachichi jirani alilikata mwenyewe. Kisha Shosho akanipa chai, akanishika mikono yote miwili hapo jikoni, akakuombea kwa Kikuyu. Sikuelewa neno hata moja, ila jina lako. Alilitaja taratibu, tena na tena, katikati ya maneno nisiyoyajua. Hapo ndipo nililia. Kwenye mazishi sikuwa nimelia, nadhani uliona. Nililia mpaka chai ikapoa, na yeye hakuniharakisha.

Sasa Kongo nzima wanaulizia fundi msichana wa Lindi. Mama Achieng' amepata mwingine wa mandazi na anakusalimia. Sauti za watu zinanifikia zikiwa karibu. Bado kuna asubuhi nakutengea kikombe.

Nenda upumzike, Anko. Krismasi nakuja nyumbani. Mama yako bado anateremka kwenye chemchemi na mtungi, magoti yake yanamuuma na hasemi. Nitaweka mifereji ya kukinga mvua kwenye paa lake, na tangi, na bomba la kupeleka maji mpaka mlangoni pa jikoni. Nimeshapiga hesabu ya njia. Litapita chini ya ardhi, kando yako kabisa. Ukiskia maji yanapita, usishtuke. Ni mimi.

Nekesa wako