Wanamulika Nyumba

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Nimeikumbuka ile alasiri ya Kisarawe, mwaka wa msako wa walanguzi. Sabuni ilikuwa haionekani madukani, na wewe ulikuwa na katoni mbili za sabuni ya mche chini ya kitanda, unawauzia majirani kipande kipande. Nilijua. Kila nikisikia buti barabarani, nilikuwa nakimbilia dirishani kuchungulia.

Shuleni tulikuwa tumefundishwa neno la Kiingereza, shine. Jua likifanya hivyo, linang'aa. Viatu ukivifanya hivyo, umevipiga kiwi. Tochi ukiielekeza kwenye nyumba, unaimulika. Basi nikakaa mkekani uani, nakariri kwa sauti: "Wanamulika nyumba. Wanamulika nyumba."

Ukatoka ndani miguu mitupu. "Nani kasema?"

"Mwalimu," nikajibu.

Nilimaanisha mwalimu wetu wa darasa la sita. Wewe siku zile ulimjua Mwalimu mmoja tu, yule Rais wa redioni. Na mtaani kwetu mtu akimulikwa, basi huyo kakamatwa. Ukazibeba zile katoni ukaenda kuzitumbukiza chooni, mche baada ya mche, nami nimeganda pale pale mkekani, sielewi nimesema nini.

Kesho yake mgambo wakaja kweli. Walipekua mpaka jikoni kwa mama, wasione kitu. Wakaondoka na jirani yetu muuza chumvi, huku mkewe anawafuata nyuma akilia.

Nilidhani utafurahi kwamba umesalimika. Kumbe ulianza kuniogopa. Nikiingia sebuleni, unatoka. Jioni unaniita pembeni, sauti ya chini: "Leo Mwalimu kasemaje?" Nikakueleza kwamba lile lilikuwa somo tu, nikakutajia na maana zake zote. Ukasema, "Ndivyo walivyokufundisha kujibu."

Shule zilipofungwa ukanipeleka Mlandizi kwa shangazi. "Utasoma huku," ulisema, ukageuka kuwahi basi. Mama alikuja kunitazama mara nyingi. Wewe hukuja, mpaka nikaitwa kwenye mazishi yako.

Sasa nina watoto. Wakirudi shule wakaanza kukariri, nawaambia wasome kimoyomoyo. Wananicheka, wanasema mama ana mambo ya kizamani. Sijawaambia ninachokiogopa. Naogopa kwamba mle kaburini uliingia ukiamini umezaa mpelelezi, na hakuna wa kukuondolea wazo hilo.

Sikutumwa na mtu, Baba. Nilikuwa nasoma kwa sauti ili unisikie, unisifu.

Mungu akulaze pema.

Ni mimi, binti yako