Kwa Nini Gari la Papa Halikukimbia

Duka la Cherehani, karibu na gati,
Mokowe, Lamu.
Jumamosi, 6 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Hamdu,

Assalaam alaikum. Natumai karatasi hii itakukuta mzima huko Maskati, na kwamba lile joto ulilolilalamikia mwezi wa Julai limepungua. Kifua je? Bado unakohoa asubuhi? Usinifiche kama unavyomficha Mama. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi za gati, lakini akishakaa chini na ukili wake wa mkeka ni maneno mpaka adhuhuri. Amal wangu ameingia gredi ya tisa na amenipita urefu. Kila wiki ananiuliza mjomba atarudi lini, nami kila wiki namwambia asome.

Barua hii analeta Bi Swafiya, anayekuja kumwona bintiye aliyejifungua huko. Pamoja nayo kuna kopo la achari. Pilipili ameitia Mama kwa mkono wake, kwa hivyo usimgawie mtu asiyekuhusu.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Naandika kwa sababu kila nikitaja gari kwenye simu, wewe hukata. Umenikatia mara tatu sasa. Karatasi huwezi kuikata hivyo, na nimemwagiza Swafiya akae mbele yako mpaka uimalize.

Basi ni habari ya gari. Kaa kitako.

Siku ile ya Januari ulipoteremka gatini na begi lako kuondoka, Jabez muuza simenti na wenzake wakakuimbia, "Hamdu, Hamdu, kifuniko ki wapi?" Nilikuwa mlangoni mwa duka na mkasi mkononi. Mama alikuwa nyuma yangu. Tangu siku hiyo hakukanyaga Mokowe tena. Alirudi Kizingitini na akasema hapa hapatamwona tena. Jabez, baada ya mwezi, aliniletea suruali nimfupishie. Nilimfupishia mguu mmoja zaidi ya mwingine. Makusudi. Aliivaa harusini.

Wewe unajua ulivyosingiziwa, lakini nataka niyaandike, ili yawe yameandikwa. Gari la Papa lilikuwa linaongoza mbio za magari kule Kilifi mwezi wa Desemba, likafia njiani. Jaafar, mwenye timu na dereva, aliporudi alisimama pale kwa Nerea, kwenye chai, mashabiki wote wakiwapo, akasema fundi wake amesahau kukaza kifuniko cha oili. Wewe ukaapa umekikaza. Hakuna aliyekusikiliza, hata watu uliowatengenezea pikipiki zao bure.

Wiki mbili baada ya wewe kuondoka, Jaafar aliagiza boksi jipya la hewa kutoka Mombasa, la chuma, linang'aa kama sinia la harusi. Lile lako la faiba, ulilolitengeneza kama wanavyoziba maboti kwetu, akaling'oa. Alisema ni baya kama sufuria iliyoungua, linamtia aibu yule papa aliyechorwa ubavuni. Akalitupa nyuma ya gereji. Mimi nilikwenda kupima viti, maana kazi ya kushona vitambaa vipya alinipa mimi, nikaliona kwenye taka. Nikaliokota, nikalizungushia kanga kuukuu, nikaliweka dukani chini ya meza ya kukatia.

Siku hiyo hiyo niliona na jambo jingine. Boneti ilikuwa wazi. Mdomo wa boksi jipya umeelekezwa chini, karibu na tairi la mbele. Nikakumbuka ulivyonieleza uani kwetu, ukipiga msasa huku unapiga chafya: injini inapumua kama mtu, ukiiweka pua yake chini itavuta vumbi la matairi mpaka ikabwe. Ndiyo maana lako uliliinua juu, karibu na kioo, ukalitia vyumba viwili ili vumbi lianguke kwanza kabla hewa haijafika kwenye chujio.

Nilijua, Hamdu. Nilijua kabla gari halijatoka hata mara moja. Nikashona viti vyao, nikaenda zangu.

Mbio za Mei zikaja. Gari lilitoka kwa kishindo, na baada ya kilomita kumi likawa kama punda aliyepakiwa mchanga. Juni vivyo hivyo. Julai vivyo hivyo. Na kila waliporudi, mashabiki walijaa kwa Nerea kubishana, nami nikiketi pembeni na kikombe changu. Ungewasikia! Jabez anapiga meza, analaumu matairi, "Ni mataya! Nimesema tangu Mei ni mataya, hamsikii!" Mwalimu Hudson yeye ana kalamu, anachora gia kwenye gazeti la watu. Vijana wa bodaboda wanasema petroli imechanganywa. Nerea mwenyewe, akimimina chai, akasema mbona hamlioni tumbo la dereva, gari linabeba watu watatu.

Walicheka. Halafu Jabez akashusha sauti, lakini si kiasi cha mimi kutosikia. "Nyinyi mnazunguka tu. Yule jamaa wa Kizingitini hakuiacha hiyo gari hivi hivi. Kuna kitu aliifanyia. Watu wa visiwani mnawajua."

"Hamdu yuko Maskati, Bwana Jabez," nikamwambia. "Mkono wake ni mrefu hivyo?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikunywa chai yangu. Moyoni nilisema, endeleeni. Kuleni vumbi. Na kila walipofungwa nilikwenda nyumbani nikapika pilau. Amal akauliza kuna sherehe gani, nikamwambia ni Jumapili tu.

Mwezi wa Agosti pilau haikupikwa. Gari lilikabwa katikati ya kona, likasimama, na gari lililokuwa nyuma likatokea ndani ya vumbi halioni kitu. Liligonga upande wa kushoto. Unajua nani hukaa kushoto. Gakii, yule mwalimu anayemsomea Jaafar kona kwenye daftari. Alhamdulillah amepona, lakini mkono umevunjika mahali pawili, na daktari amesema bado kidogo tu ingekuwa mbavu.

Jumatatu baada ya shule alikuja dukani, mkono umefungwa shingoni. Nilidhani kaja na nguo. Akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akatazama sakafu.

"Dada Raihana, sijui kama utanisikiza," akasema. "Kifuniko kilikuwa kimefungwa. Kule Kilifi tuligonga jiwe. Jaafar alikata kona kupitia majanini, nikasikia chuma kinapasuka chini. Taa ya oili ikawaka. Nikamwambia simama. Akaniambia tumebakisha kilomita sita. Hatukumaliza hata mbili."

Nilikuwa nimeshika sindano. Nikaiweka.

"Mbona hukusema, Gakii? Ndugu yangu ameimbiwa hapo nje kama mwizi."

"Aliniambia nikisema, kiti changu kina mwingine wa kukikalia. Na mimi nakipenda kile kiti." Akaanza kulia. "Nimelala hospitali siku tatu namfikiria Hamdu. Nilikuwa nasema, kama ningekufa ningekufa na uongo wa Jaafar."

Nikamtilia chai. Nikamshika bega lililo zima, nikamwambia nimemsamehe, na nitamwombea radhi kwako. Hayo nakwambia hapa: msamehe. Alikuja kwa miguu yake.

Jaafar ni habari nyingine. Kesho yake asubuhi nilikwenda gereji. Alikuwa amekaa juu ya tairi, na gari limebonyea ubavu mzima, papa hana mkia.

"Bwana Jaafar," nikamwambia, "najua gari lako lina nini."

Akacheka. "Bi Raihana, wewe cherehani. Watu wa Mombasa wamelitazama wameshindwa."

Nikatoa leso nyeupe kifuani. "Fungua bomba linalotoka kwenye boksi lako la kung'aa. Pangusa ndani."

Alifungua ili anitoe njiani tu. Leso iliingia nyeupe ikatoka rangi ya kahawa. Akapangusa tena, hivyo hivyo. Akakaa akiitazama, na nilimwona anavyokumbuka.

"Lile la Hamdu," akasema. "Nilitupa."

"Mimi niliokota."

Akasimama mbio, akaanza, "Bi Raihana, wallahi, wewe ni dada yangu..." Nikamwambia mimi nina ndugu mmoja na yuko Maskati. Boksi atalipata. Lakini kwanza Ijumaa, baada ya alasiri, atasimama palepale kwa Nerea alipokusimamishia uongo, mbele ya watu walewale, aseme injini ilikufaje. Na Mama atakuwapo. Nikamwambia pia kwamba Gakii amenieleza yote, asijisumbue kutunga.

Akaikunja ile leso. "Mbele ya mama yako?"

"Mbele ya Mama."

Mama hakutaka kuja. Nilivuka mwenyewe kumchukua, nikamwambia safari hii hapa patamwona. Alivaa buibui jipya. Nerea akamwekea kiti mbele kabisa, akamtilia mto. Kulijaa mpaka nje. Walidhani Jaafar anatangaza dereva mpya. Jabez alikuwa mstari wa kwanza, na suruali ile.

Jaafar alisimama, akaanza kwa kuzunguka. Akasema mashindano yana mambo mengi, akasema kila mtu hukosea, barabara ya Kilifi ilikuwa mbaya. Gakii akainuka na mkono wake wa bandeji, akabaki amesimama. Hapo Jaafar akakatika. Akasema, "Niligonga jiwe. Taa iliwaka nikaambiwa nisimame, sikusimama. Kifuniko kilikuwa kimekazwa. Hamdu hana kosa, na mimi nililijua hilo siku nilipomsingizia."

Akamgeukia Mama, akanyoosha mkono, "Mama, nisamehe."

Mama hakuupokea ule mkono. Alimtazama tu, kisha akasema, kwa Kiswahili chetu, taratibu: "Mwanangu alipita ndia hii akiimbiwa. Wewe ulikuwa hapo mlangoni, wacheka. Nimesikia ulosema. Sasa niondolea mato yako." Jaafar akayaondoa macho yake, akainamisha kichwa. Mimi, Hamdu, Mungu anisamehe, raha niliyoipata dakika ile sikuipata hata siku ya harusi yangu.

Jabez alikuja kwangu baadaye, anachekacheka, anasema wimbo ulikuwa utani bana. Nikamwambia auimbe tena sasa hivi, Mama yuko pale, amsikilize vizuri. Akaondoka. Simenti yake hatununui tena, hata ukuta wa choo ukianguka.

Boksi nilimpa Jaafar, kama tulivyoahidiana. Juzi walilijaribu gari kwenye barabara ya kwenda Hindi, na watu wanasema lilikwenda mpaka kuku wakapanda miti. Mashabiki wakapiga kelele jina lako. Vinywa vilevile. Nilifunga dirisha la duka.

Sasa Jaafar anataka urudi. Amekuja mara mbili kuomba namba yako, na zote mbili nimemwambia simu yangu haina moto. Ameniomba basi nikuandikie, nami nimekuandikia. Uamuzi ni wako na kazi ni yako. Lakini ukiniuliza dada yako, mwache aungoje wito wako kama sisi tulivyongoja mtu mmoja tu aseme Hamdu si mzembe. Miezi minane tulingoja. Na ukirudi, rudi kwa Mama. Usirudi kwa wale.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya niichane barua hii mara mbili kabla ya hii ya tatu. Gakii alipokaa kwenye kiti cha wateja akilia na kuniomba radhi kwa kunyamaza, boksi lilikuwa chini ya meza, hatua moja kutoka miguuni pake. Mimi nilikuwa nimenyamaza tangu Januari. Nilitaka Jaafar ale vumbi, na sikufikiria nani amekaa kando yake. Nilimsamehe kama mtu mkubwa, nikamtilia sukari, na langu sikulisema. Ijumaa ile watu walinishika mkono wakiniita mwanamke wa haki. Yeye pia alinishika, kwa ule mmoja alio nao.

Pale kwa Nerea nilimlazimisha mwanamume mzima aseme lake mbele ya watu hamsini. Langu linataka mtu mmoja tu, na wiki nzima nimeshindwa. Kesho ni Jumapili. Gakii huenda kanisani saa nne. Nitafika kwake saa tatu.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri na usilale na nywele mbichi. Amal anakusalimu na anataka picha ya bahari ya huko. Nerea naye anakusalimu, amesema kikombe chako hajamtilia mtu mwingine. Wasalimie Swafiya na mjukuu wake mpya. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe riziki ya halali na akurudishe ukiwa umeinua kichwa.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata unaponikatia simu,

Raihana