Bunduki ya Baba Niliyoihukumu Bila Kuifungua

Ephrata, Pennsylvania
9 Novemba 1996

Mdogo wangu mpendwa Harlan,

Pokea salamu zangu, wewe na Doreen na binti yenu Twyla. Hamjambo huko Alberta? Kifua chako je, bado kinakubana baridi ikianza? Doreen aliniandikia kwenye kadi ya Krismasi kwamba umeacha sigara. Nilimshukuru Mungu, kisha nikacheka peke yangu, maana nilikumbuka ulivyokuwa ukizivutia kwenye banda la kuku, na Mama akakugundua kwa sababu kuku walikuwa wamehamia nje.

Mimi sijambo, ila goti la kulia linaninyanyasa. Daktari anataka kulifungua alitazame. Nimemwambia mwenye kazi ya kufungua vitu vya kale mjini hapa ni mimi, asiniingilie.

Mwaka huu matufaha yalizaa kupita kiasi. Tulichemsha jemu siku nzima kwenye lile sufuria kubwa la shaba, mimi na binamu yetu Irvin na mkewe. Irvin alipewa mwiko akoroge, akasinzia akiwa amesimama, chini kukaungua. Sasa tuna chupa arobaini za jemu yenye harufu ya moshi na kila mgeni anaondoka na mbili, atake asitake.

Najua unashangaa. Miaka kumi na mmoja sijakuandikia hata mstari, na leo nakupigia hadithi za jemu. Nazunguka kwa sababu naogopa. Tafadhali usiikunje barua hii kabla hujafika mwisho.

Bado nathamini silaha za kale. Wakusanyaji wananiletea bastola na bunduki za karne zilizopita, nami nawaambia imetengenezwa na nani, lini, kipi ni cha asili na kipi kimebandikwa baadaye, na bei yake ya haki. Kwenye meza yangu kuna kibao nilichokiandika mwenyewe: HAIJAFUNGULIWA, HAIJATHAMINIWA. Nje silaha inaweza kukudanganya. Ukweli uko chini ya mtutu, mahali ambapo mkono wa muuzaji haufiki.

Jumanne iliyopita alikuja Orpha Rissler, mjane wa Lititz, mwenye ulimi mkali kuliko siki. Alileta bastola mbili za gumegume ndani ya sanduku, akiapa ni pacha. Kwanza nilitumbukiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, kama ninavyofanya siku zote, kuona kama kuna kilichoshindiliwa. Moja ilikuwa tupu. Ya pili mdeki uligota kabla ya kufika mwisho. Ilikuwa na risasi na baruti tangu enzi za babu wa babu yake.

"Orpha," nikamwambia, "hii umeilaza wapi miaka yote?"

"Chini ya kitanda. Upande wa marehemu."

"Basi ana bahati amekufa kwa ugonjwa."

Tuliitoa baruti taratibu, nikazifungua zote mbili. Hazikuwa pacha. Ya pili ilitengenezwa kama miaka thelathini baada ya ya kwanza. Nikamwambia hawa ni ndugu wa kambo. Hakununa. Aliinua macho ukutani, akaiona bunduki ya Baba.

"Na ile ndefu? Bei gani?"

"Ile haina kitu. Ilisuguliwa ikaharibika."

"Ulipoifungua ulikuta nini?"

Nikajifanya naufuta mdeki. Orpha akasoma kibao changu kwa sauti, neno kwa neno, kisha akanitazama. "Ala! Kumbe sheria hii ni ya wateja tu, mama?"

Harlan, sikuwahi kuifungua. Ndiyo maana nakuandikia.

Naikumbuka ile Jumapili ya Oktoba kama jana. Wewe ulikuwa umekuja kutoka Kanada kumwona Baba, nami nilirudi kutoka kwenye maonyesho ya Lancaster. Nikaikuta bunduki mezani jikoni inang'aa kama kijiko kipya. Ile rangi ya kahawia ambayo chuma huchukua miaka mia mbili kuipata ilikuwa imeliwa yote na msasa. Jina la fundi aliyeitengeneza, lililokuwa juu ya mtutu, lilikuwa limefutika. Nikauliza, "Nani amefanya hivi?" Baba alikuwa amekaa, mikono iko chini ya meza. Ukajibu wewe, "Ni mimi, dada. Nilitaka ipendeze."

Nilichokujibu unakijua. Nilisema umeua kitu kilichovuka vita vyote vya nchi hii kikaja kufia mikononi mwa mjinga. Nikasema usiguse tena kitu chochote cha nyumba hii. Ukanitii. Hata kwenye maziko ya Baba, majira ya kuchipua yaliyofuata, ulisimama nyuma kanisani ukaondoka kabla ya chakula. Nilikuona, na wala sikukuita.

Sasa sikiliza. Baada ya Orpha kuondoka niliishusha. Nikasukuma zile pini nyembamba zinazoshika mtutu, nikaunyanyua mtutu kutoka kwenye mbao. Mtutu huo uliosema uliusugua wewe ulikuwa umesuguliwa hata chini, mzunguko mzima. Nikashangaa, kwa sababu wewe hujui kutoa pini. Ulipokuwa na miaka kumi na sita ulijaribu ukapasua mbao ya bunduki ya mchungaji, na Baba akakukataza kushika nyundo maisha yako yote.

Unakumbuka desturi ya Baba? Kila silaha ya wawindaji aliyoifungua, aliandika kwa penseli kwenye mfereji wa mbao, mahali mtutu unapolala: tarehe, alichofanya, na herufi zake. Alisema fundi ajaye naye ni mtu, asiachwe kubahatisha. Nilisogeza taa. Mwandiko ulikuwa wake, lakini unayumba, herufi zinapandana. Umeandikwa hivi: "3 Oktoba 1985. Nimeifungua. Nimeisugua yote, ipendeze, Verna aende nayo kwenye maonyesho. E.H."

Tarehe tatu. Wewe ulifika tarehe tano. Nilikupokea mimi mwenyewe kituo cha basi. Bila shaka aliificha siku zile tatu ili anishangaze, akasahau kunipa kabla sijaenda kwenye maonyesho.

Niliketi chini, Harlan, sakafuni, na goti langu hili bovu, nikalia mpaka paka akaja kunitazama. Baba alinisikia mara elfu nikiwahubiria watu wasisafishe silaha za kale. Lakini akili yake ilikuwa imeanza kumtoka, nami nilikuwa sitaki kuliona. Aliyasahau mahubiri yangu, akakumbuka tu kwamba ana binti na anataka kumfurahisha. Kwake yeye, fundi wa bunduki za wawindaji, bunduki inayong'aa ndiyo iliyopendwa. Nami nikaingia jikoni nikiwaka moto. Aliificha mikono yake chini ya meza kwa sababu ilikuwa bado na weusi wa kusugulia kwenye kucha. Wewe uliiona. Ukaamua hasira yangu ikupate wewe, isimpate mzee wa miaka themanini na minne.

Kisha ukaubeba mzigo huo miaka kumi na mmoja. Hata baada ya kumzika hukusema. Nimejiuliza kwa nini, na nadhani najua: ungesema, ningeishi nikijua kwamba Baba alikufa akiniogopa. Ulimlinda yeye, kisha ukanilinda na mimi. Mganga hajigangi, wanasema. Nimefungua bunduki za watu zisizo na idadi ili nisimwonee hata fundi aliyekufa zamani, na ndugu yangu wa damu moja nikamhukumu kwa kumtazama usoni.

Nisamehe, mdogo wangu. Sina cha kujitetea. Nilikukosea, nikakupoteza, na kila Krismasi nilipoona kadi ina mwandiko wa Doreen peke yake niliumia, halafu nikajifanya kiburi changu ni heshima ya kazi.

Kwa kuwa nimeifungua, nami nimeandika, kwa penseli, chini ya maneno ya Baba: "5 Novemba 1996. Harlan hakuigusa. V.H." Atakayeifungua baada yetu atausoma ukweli wote.

Wewe usisumbuke kuja. Aliyekosa ndiye anayefunga safari. Nimekata tikiti ya basi. Nitafika hapo kwenu Red Deer tarehe kumi na tisa Desemba, saa tisa alasiri. Irvin anasema mtu wa umri wangu hawezi kukaa kwenye basi siku tatu. Nimempa chupa nyingine ya jemu ili anyamaze.

Nisalimie sana Doreen, umwambie kadi zake nimezitunza zote. Mbusu Twyla, hata kama sasa ni mkubwa na hapendi. Irvin na mkewe wanawasalimu, na shangazi Mabel, ambaye masikio yamekwisha lakini bado anauliza habari zako kila Jumapili kwa sauti ya kanisa zima. Mungu akulinde wewe kama ulivyomlinda baba yetu, akupe pumzi nzuri na baridi isiyouma.

Niandikie neno moja tu, "njoo" au "usije". Ukiandika "njoo", nitakushukuru mpaka kufa. Ukiandika "usije", nitajua ni haki yako, nitalia, na tarehe kumi na tisa nitashuka pale pale kwenye basi nikuombe msamaha ana kwa ana, kisha nirudi zangu.

Mimi dada yako niliyekukosea, nikupendaye siku zote,
Verna