Rubisi Ambayo Sikuionja

Shikamoo Mama,

Najua hutaitikia, lakini ulinifundisha nisianze maneno na mkubwa bila shikamoo, hata nikiwa na hasira. Na hasira ninayo. Tangu tukuzike sijapoa.

Wale watu wa kamera wamerudi hapa kijijini kwetu, Ntobeye. Wanamtafuta "yule mama mkimbizi". Wanakutafuta wewe, uliyezaliwa ng'ambo ya bonde hili hili, ukabatizwa kigangoni kwetu, ukaolewa na Baba kwa ng'ombe ambao ukoo mzima uliwaona.

Unakumbuka walipokuja mara ya kwanza? Barabara ilijaa wakimbizi na mizigo yao, magari ya misaada yakitutimulia vumbi. Nadhani kambini walichoka kusukumana na wenzao wenye kamera, wakaingia uani kwetu. Wewe ukaona wageni. Ukatoa rubisi, ile pombe yako ya ndizi, ukatia mrija kwenye kibuyu, ukaonja kwanza kama afanyavyo mwenye nyumba yeyote, ili mgeni ajue hakuna sumu. Wakakupiga picha hapo hapo ulipoinamia mrija. Mimi niliambiwa nisogee kwa sababu nilikuwa nimevaa viatu. Nyumba yetu ya bati wakaipa kisogo. Kisha wakakimaliza kibuyu chote, wakaondoka.

Filamu yao ikafika kwenye banda la video kule Nyakanazi, ikawekwa katikati ya filamu mbili za ngumi. Baba Mdogo, aliyekuwa amepeleka maharage kuuza, akaiona. Mtafsiri wa banda alisimulia kwa sauti ya kilio kwamba mama huyu hana kwao wala ndugu, amevuka mpaka kwa miguu, na haya ndiyo maji yake ya kwanza tangu aanze safari. Maji! Rubisi ile iliyokuwa inawalaza wanaume wa jumuiya nzima! Ulipoambiwa ulicheka mpaka ukakaa chini.

Kicheko hakikudumu. Watu walikwenda kuiona, wakarudi wakikutazama kwa huruma. Yustina, jirani uliyewapokea watoto wake wote walipozaliwa, akakuuliza ulivukia wapi. Akina mama wa jumuiya wakakuletea blanketi. Watu uliokula nao, Mama, wakaamini televisheni kuliko macho yao. Nawachukia kwa hilo, na kwa padri sitaliungama.

Kisha homa ikakuchukua. Jeneza likiwa bado ndani, Baba Mdogo akasimama uani, akasema hutazikwa mgombani kando ya Baba kwa sababu wewe si wa hapa, "hata sinema imeonyesha". Alikuwa analitaka shamba, nani asiyejua? Lakini watu wakainamisha vichwa, na wachimbaji wakaweka majembe chini. Nikaona kabisa unakwenda kulala kambini, kati ya watu usiowajua, na Baba anabaki peke yake.

Sikulia. Niliingia ndani, nikachukua kibuyu cha rubisi ya mwisho uliyoipika, nikampelekea mbele ya wote, nikapiga magoti kwa adabu zote. Sikuonja. Akautazama mrija, akanitazama mimi.

"Baba Mdogo," nikamwambia, "aliyekuwa anakuonjea katika nyumba hii ni Mama. Kama yeye si wa hapa, leo hakuna wa kukuonjea. Kunywa."

Hakunywa. Aliweka kibuyu chini, akaondoka bila kuaga. Mzee mmoja wa wachimbaji akakiokota, akavuta mrija, akafuta mdomo. "Hii ya mwenyeji, bwana," akasema, akachukua jembe lake. Wengine wakamfuata.

Kwa hiyo umelala mahali pako, kando ya Baba. Yustina analeta maua siku hizi. Nayapokea, lakini simkaribishi kukaa.

Watu wa kamera wameambiwa umefariki, wamekwenda kulala kwenye nyumba ya wageni Nyakanazi. Kesho wanakuja kupiga picha kaburi la mkimbizi wao. Pumzika Mama, usihangaike nao. Nakuahidi nitawapokea kama ulivyonilea. Nitawapigia magoti, nitawapa kibuyu kilichojaa. Sumu sitaweka, usiogope. Nitawakabidhi tu bila kuonja. Kila mtu uani ataelewa nimewaambia nini, na wao watakunywa huku wanatabasamu.

Mwanao,
Editha