Mwanamke Mzee, Hafahamiki

Kaka yangu mpendwa,

Kabla ya yote nipe hali. Kifua kimeachia? Wifi na watoto hawajambo? Huku kwetu miili haina neno. Mama anakula, analala, na juzi muuguzi alimpima presha akamtania kwamba ni ya msichana. Kama hapokei simu zako, jua si ugonjwa. Ni hasira, na fungu moja la hasira hiyo ni lako, kwa hiyo nakuomba ukae chini usome mpaka mwisho.

Kazi yangu unaijua, maana ndiwe uliyenitafutia. Mtu akitaka kuonyesha igizo katika mji huu, analeta nakala mbili ofisini kwetu kuombea kibali. Mkuu anasema kipi kiondoke, mimi nakata kwa kalamu nyekundu, kisha nagonga muhuri kila ukurasa. Siku ya onyesho naketi safu ya mbele na nakala yenye muhuri, nafuata mstari kwa mstari kwa rula. Kisichokuwemo hakisemwi. Mkuu mwenyewe tumembandika jina la Rula, na wenzangu huapa kwamba hulala nayo chini ya mto.

Mwezi uliopita ililetwa nakala ya mwigizaji mmoja anayezunguka miji peke yake na sanduku moja. Anamwigiza yule waziri mwanamke wa kwanza, ambaye mama alikuwa mpiga chapa wake. Mwigizaji huyo huyo ndiye waziri, ndiye mume, ndiye askari mlangoni, na ndiye wale wanaume saba, wenzake waziri katika chama, waliokaa meza moja wakamwondoa madarakani. Igizo linamalizikia kwa hotuba ambayo waziri aliwapa wanawake kesho yake, akimtaja kila mmoja wa wale saba kwa jina na kiti alichokalia. Wawili kati ya hao bado ni wakubwa. Mmoja ndiye anayetia saini barua za vyeo huko kazini kwenu.

Rula aliamuru hotuba yote iondoke, kurasa mbili nzima. Nilikupigia simu siku ile ile, kaka. Ulinijibu kwamba kazi ni kazi, nikate, na mama asijue. Nikakata. Mama sikumwambia.

Mwigizaji alipofuata nakala yake aliuliza ni nani aliyekata. Nilimjibu kwamba ni ofisi. Akasema amepita miji sita na kila mji amekutana na huyo Ofisi, ila wa hapa ndiye mwenye mistari iliyonyooka kuliko wote, bila shaka shuleni alipewa zawadi ya mwandiko. Nilicheka. Alipotoka nje nikaona haya kwamba nimecheka.

Onyesho lilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri, na ukumbi ulijaa. Mama alikuja na rafiki zake wawili, wakakaa safu tatu nyuma yangu. Mwigizaji alipofika pale palipokatwa alisogea ukingoni mwa jukwaa, akaweka sanduku chini, akanyamaza. Nilitazama nakala. Hakuna kilichoandikwa, naye hakuna alichosema, kwa hiyo hakuwa na kosa. Feni zilizunguka, mtu akakohoa, yeye kasimama tu.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu. Haikuwa sauti ya kuigiza, ilikuwa kama ya mtu anayesoma rasimu kutafuta makosa. Ilisema kwamba jana palikuwa na meza yenye viti saba. Kaka, alikuwa mama. Hotuba ile aliipiga chapa mara nne, kwa kuwa waziri alikuwa akibadilisha maneno, na mama anaijua mpaka mikato yake. Aliisema yote, viti saba, majina saba. Mwigizaji alimsikiliza ameinamisha kichwa. Mimi sikugeuza shingo. Nilikaza macho kwenye karatasi kama mjinga.

Jumatatu Rula aliniita. Alikuwa ameshasikia, ila nusu ya ukumbi wanamjua mama na hakuna aliyemtajia jina lake. Alinieleza kwamba kama ni raia aliyesema kwa hiari yake, hilo ni la polisi, ataitwa na kuonywa. Lakini kama amepangwa na mwigizaji, kibali kimevunjwa na onyesho litafungwa kila mji. Akanisukumia fomu yenye nafasi ya jina la msemaji. Nilimfikiria mama kituoni, nikafikiria kazi yangu, nikafikiria cheo chako unachokingoja mwezi huu. Nikaandika: mwanamke mzee, hafahamiki.

Rula alifurahi kama aliyepewa likizo. Hafahamiki, basi si wa hapa, na kama si wa hapa, basi amekuja na mwigizaji. Kufika Jumanne vibali vya miji minne iliyobaki vilikuwa vimefutwa, kwa saini yake na kwa maneno yangu. Nilijua anadanganya, naye alijua sitasema.

Sasa nikueleze lililonifanya niandike. Nyumbani nilimweleza mama nilivyomficha, nikitaraji shukrani. Aliweka kijiko chini. Akasema miaka thelathini na nne amesubiri mtu amuulize nani aliipiga chapa hotuba ile, ili ajibu kwamba ni yeye. Hatimaye wamemuuliza, tena kwenye fomu ya serikali, na aliyejibu kwa niaba yake ni mtoto wa tumbo lake, amejibu kwamba hafahamiki. Akauliza nani kanifunza hivyo. Nilikutaja. Sitalibeba hili peke yangu.

Leo asubuhi nimeandika taarifa ya pili. Nimeweka majina yake matatu, mtaa wetu na kazi aliyoifanya. Nimeandika kwamba mwigizaji hakuwahi kuonana naye, kwamba sauti yake niliitambua tangu neno la kwanza, na kwamba ni mama yangu mzazi. Mama aliisoma, akaongeza nukta niliyoisahau, akatia saini. Nimegonga muhuri, nimeiingiza kwenye daftari la barua ili isipotee, na nakala nimempelekea mwigizaji. Rula anaisoma sasa hivi. Mlango wake umefungwa.

Hazitapita siku mbili kabla hawajakuita na wewe huko juu wakuulize kama unamjua mwanamke huyu. Nakukasirikia, kaka, na ninaogopa. Lakini watakapokuuliza, wewe uwe wa kwanza kati yetu kusema ukweli bila kuhitaji taarifa ya pili.

Wasalimie wifi na watoto, uwabusu wadogo kwa ajili yangu. Mama hajakutumia salamu. Anasema atakupa mwenyewe, akishasikia ulichowajibu.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,
Karani