Kamba wa Bahari Ndani ya Nyama ya Sabato

Mpendwa mjukuu wangu Achieng',

Huna adabu! Mtu anatia uchafu ndani ya chungu cha Dani, nyanyake mwenyewe, Jumapili asubuhi anabeba begi anarudi Mombasa bila kwaheri, halafu anamtumia shangazi yake ujumbe kwa simu eti, "Sirudi tena Uriri, nimemwaibisha Dani mbele ya kina mama wa kanisa." Nani alikufukuza? Mimi nilikutukana tu. Kutukana si kufukuza.

Unakumbuka ukiwa mdogo, tukitoka soko la Ogwedhi na nyama ya ng'ombe? Tulikuwa tunaikata vipande virefu, tunaianika juu ya moto mpaka inakauka kama kiatu cha zamani. Hiyo ndiyo aliya. Siku ya kuichemsha ulikuwa unachuchumaa hapo jikoni, moshi unakutoa machozi, na hutoki. "Dani, imeiva?" Nakwambia, "Ikiiva itakuita." Na kweli ilikuwa inakuita wewe kabla yangu. Mkono wako wa chumvi niliusifu mbele ya mama yako mzazi, akanuna.

Sasa huyo niliyemfundisha nyama anaenda kupika hoteli ya Mombasa, anarudi na wadudu ndani ya barafu, eti kamba wa bahari. Nilipofungua ile ndoo nilifikiri ni panzi waliozaliwa vibaya. Masharubu! Macho kama mbegu za papai! Na miguu, hata sikutaka kujua ni mingapi. Nikakuuliza, "Hii inaliwa kuanzia wapi?" Ukacheka. "Dani, na wewe si unakula kumbikumbi?"

Kumbikumbi anatoka kwenye kichuguu cha shamba langu, ninajua kwao. Huyo wako ni wa nani? Mimi ni mtoto wa Homa Bay, nimekulia ziwani, na samaki ninamjua: ana magamba, ana mapezi, kama Maandiko yanavyotaka. Hata kamongo, yule samaki kama nyoka, nilimwacha siku niliyobatizwa, na nilikuwa nampenda.

Nikakwambia hao wako uwapike kwa sufuria yako, nikaenda maombi ya kufungua Sabato. Wewe ukaona jua linazama, moto ni mmoja, na Sabato ikiingia hakuna kupika. Basi ukawamwaga wote ndani ya aliya yangu waive haraka! Eti usivunje Sabato. Ukaitunza Sabato kwa najisi! Kisha ukawaopoa kwa kijiko, ukanyamaza kama mtu mwema. Mmoja akabaki.

Kesho yake kina mama wa kanisa wakaja kula. Mama Rispa akamaliza bakuli, akaomba lingine. "Dada, leo supu umetia nini? Hii ni ya mbinguni." Mimi hapo nimevimba kwa majivuno. Mara kijiko chake kikatoka na kichwa. Akakiangalia. "Dada yangu, huyu anayeniangalia ni nani?" Alikimbia nyuma ya choo, na kila kitu tukakisikia tukiwa mezani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshameza. Mpaka leo nikikumbuka, mate yananijaa mdomoni, na si ya njaa. Pwe!

Kile chungu nimekisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa limau. Kikipigwa na jua kinanuka upya. Nilikiweka nje kiwe cha maji ya kuku, wakakizunguka kama nyoka amelala ndani. Na tangu uondoke nyama sijachemsha. Shangazi yako alijaribu, akaniletea kitu kama ngozi ya ngoma. Nikakitafuna nikanyamaza, na unajua mimi si mtu wa kunyamaza.

Kina mama hawaji tena. Wananisalimu kwa upole mlangoni pa kanisa, upole ule wa matanga. Mama Rispa peke yake ndiye amesema ukweli: "Kwako nitakula siku nikimwona yule msichana wako akipika mbele yangu, jua likiwa juu." Umesikia? Hajasema mimi nipike. Amesema wewe.

Nakuacha na Mungu, si na hao wadudu wako.

Sasa sikiza. Pita soko la Migori ununue chungu kipya, ukigonge usikie kama kina ufa. Ufike hapa Alhamisi. Nyama nimeshaianika juu ya moto, inakungoja. Ijumaa asubuhi utaichemsha mbele yao wote. Na hilo begi lako usilifungue: nitalifungua mimi, hapo langoni.

Dani yako aliyekulea