Vigingi vya Uwanja wa Kapsirmet

Kapsirmet, karibu na Kaplong
Jumapili, 15 Agosti 1971

Kwa Dada Phelis,

Nakusalimu sana katika Bwana, wewe na shemeji na wote wa hapo nyumbani. Je, mgongo wa mama umepata nafuu? Hapa mvua hunyesha kila alasiri na chai imechipua vizuri. Mume wangu bado yuko kiwandani. Tunaendelea, ila moyo wangu haujatulia.

Unaukumbuka ule uwanja wa nyasi mbele ya kanisa. Ni wa watu wote. Watoto huchezea hapo, na ng'ombe wanaopelekwa sokoni hupumzika. Mwezi wa Juni tulisikia umeuzwa kwa tajiri wa kujenga nyumba za kupangisha. Tulikataa wote. Kwenye baraza Mzee Kipchirchir alimwuliza chifu kama watoto sasa watacheza mpira juu ya mabati. Watu wakacheka, chifu hakucheka. Sisi tuliotoka Kisii alituambia tufunge midomo, maana mgeni ana kwao pa kurudishwa.

Jumatatu wapimaji walipigilia vigingi. Wanawake walivitukana vile vigingi, lakini hakuna aliyevigusa. Jirani yangu Chepngeno alinieleza kwamba kwao, wenyeji wa hapa, kama kwetu Kisii, anayeng'oa alama ya mpaka huleta laana, na laana huanzia kwa watoto wake. Nikamwambia huo si mpaka, ni wizi. Akacheka, akasema wee Mama Atuti, shule imekumalizia woga wote.

Alhamisi kulipokucha hakukuwa na kigingi hata kimoja. Askari walikuja na lori, wakamkuta ndama wa Chepngeno akila pale, wakasema mwenye ndama ndiye aliyeving'oa. Walimchukua Chepngeno bila hata kumruhusu abebe mtoto wake mchanga. Mama mkwe wake alimleta mtoto kwangu, kwa kuwa nanyonyesha.

Dada, hili hata mume wangu hajui. Ni mimi niliyeving'oa, nikavichoma jikoni. Chepngeno aliniona alfajiri alipokuwa akifunga ndama pale uwanjani. Wanamwuliza jina la aliyeving'oa huko ndani, na mpaka leo hajalitaja. Na tangu jana Atuti wangu ana homa. Najiambia ni meno, lakini usiku kucha naamka kumgusa paji la uso.

Kesho nitakwenda kituoni kusema. Naogopa jela, naogopa watatufukuza hapa, na naogopa ile homa kuliko vyote. Lakini siwezi kuendelea kumnyonyesha mtoto huyu huku mama yake akilala sakafuni kwa ajili yangu.

Tafadhali ukipata barua hii panda basi la kwanza. Watoto wote wawili utawakuta kwa mama mkwe wa Chepngeno. Kama Chepngeno ametoka, atawanyonyesha. Kama bado, tafuta maziwa ya ng'ombe, uyachemshe vizuri, uwape. Usianze na wangu.

Nisalimie mama, lakini usimsomee haya.

Mdogo wako,
Bonareri